Bundi Mdogo, Baba Mkali na Wimbo wa Kificho

Kuna katuni moja ya mwaka 1936 ambayo ukiitafuta kwenye intaneti utaipata bila jasho. Inaitwa I Love to Singa. Haifiki hata dakika tisa. Nimeiangalia mara nyingi kuliko ninavyoweza kumweleza mtu mzima mwenye heshima zake, na kila nikiirudia naona ndani yake historia ya familia kadhaa za kweli, zimefupishwa, zikavalishwa manyoya na kupewa mabawa.

Kisa chenyewe ni hiki. Ndani ya mti mkubwa anaishi Profesa Fritz Owl, bundi mwalimu wa muziki. Mlangoni kabandika kibao: anafundisha kuimba, piano na fidla, lakini jazi, hapana! (Kwetu bundi ni mkosi, akilia juu ya paa anafukuzwa kwa mawe. Kwa Wamarekani ni ndege wa wasomi, ndiyo maana kapewa uprofesa.) Mkewe anaatamia mayai manne. Siku ya kuanguliwa, baba kasimama hapo hapo anasubiri matunda ya ukoo. Wa kwanza anatoka akiimba opera. Baba anachekelea. Wa pili anatoka na fidla, wa tatu na filimbi. Wa nne anatoka kavaa koti jekundu na tai ya kipepeo, na anaimba jazi. Baba nusura aende na maji.

Hapo ndipo siri inapoanza. Kinda anawekwa mbele ya kinanda, mama anapiga, mtoto anaimba wimbo wa zamani wa Kiingereza, wa pole pole, wa watu wastaarabu. Baba akilegeza macho kidogo, kinda anachomeka jazi. Baba akigeuka, kinda yuko tena kwenye ustaarabu, uso mkavu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndugu msomaji, kama hujawahi kukaa sebuleni na daftari la hesabu juu na riwaya ya mapenzi chini yake, nyoosha mkono nikuone.

Siri inafichuka, kama siri zote za nyumba yenye vyumba viwili. Kinda anafukuzwa. Anaingia mjini, anakuta kituo cha redio kinaendesha shindano la wasio na majina. Mtangazaji ni sungura, na anayeboronga anadondoshwa kwenye shimo la sakafuni. Kinda anaimba jazi yake, mambo yanakwenda. Nyumbani mama anamsikia redioni, familia nzima inakimbilia studio. Sasa angalia kitu hiki: yule kinda, aliyefika mbali hivyo, akiuona uso wa baba yake tu anaacha jazi na kurudi kwenye ule wimbo wa kistaarabu. Zawadi inaanza kumponyoka. Anayemwokoa ni baba mwenyewe, anayemwambia aendelee na jazi yake. Wote wanacheza. Kombe hilo. Mwisho.

Aliyeiongoza ni Tex Avery, kijana wa Texas aliyekuwa hajatimiza hata miaka miwili katika studio ya Leon Schlesinger, iliyowatengenezea katuni kampuni ya sinema ya Warner Bros. Na jina la yule kinda ni Owl Jolson. Mwaka 1936 hakuna Mmarekani mzima aliyehitaji kuelezwa utani huo. Sisi tunahitaji, kwa hiyo turudi nyuma miaka tisa.

Tarehe 6 Oktoba 1927, mjini New York, Warner Bros. walizindua The Jazz Singer, sinema ndefu iliyowafanya watu waamini kwamba picha zinaweza kuzungumza. Sehemu kubwa ya sinema hiyo bado ilikuwa bubu, yenye maandishi kati ya picha na picha. Nyimbo zilisikika, na maneno ya kuzungumza yalikuwa kama ya dakika mbili hivi. Ilitosha. Baada ya hapo sinema bubu zilianza kuhesabu siku zake.

Hadithi yake ni ile ile ya bundi, ila hapa hakuna mzaha. Jakie Rabinowitz ni mtoto wa Kiyahudi wa Lower East Side, mtaa wa wahamiaji wa New York. Baba yake ni kantori, yaani kiongozi wa nyimbo za sala sinagogini, na ukoo wao umekuwa na makantori vizazi vitano mfululizo. Mtoto anatakiwa awe wa sita. Lakini mtoto ana siri: anaimba kwenye ukumbi wa pombe. Jirani mmoja anamwona, anatoka mbio kwenda kumwambia baba. (Majirani wa namna hiyo wapo kila bara.) Baba anamkokota hadi nyumbani, anamchapa mkanda, na mtoto anatoroka siku ile ile ambayo usiku wake ndio mwanzo wa Siku ya Upatanisho, siku takatifu kuliko zote kwa Wayahudi.

Miaka inapita. Jakie anarudi mtu mzima, sasa anaitwa Jack Robin, mwimbaji wa jukwaani. Anamkuta mama peke yake. Anakaa kwenye piano, anampigia wimbo, kisha anaanza kumpigia mama yake soga: atamnunulia gauni, atamhamishia mtaa mzuri. Soga hizo zinasikika, na ni hizo zilizowatia wazimu watazamaji wa 1927. Ghafla baba anatokea mlangoni. Anasema neno moja tu: Stop! Na kuanzia neno hilo mazungumzo yanakatika. Sinema inarudi kuwa bubu, midomo inacheza, maandishi yanatokea. Sijaona katika sinema yoyote amri ya baba yenye nguvu kuliko hiyo. Kanyamazisha mtoto, kanyamazisha na mashine.

Mwigizaji aliyekuwa Jakie mkubwa ni Al Jolson. Na hapa hadithi inaanza kujikunja, kwa sababu Al Jolson alizaliwa Asa Yoelson huko Lithuania, wakati huo ikiwa chini ya mfalme wa Urusi, na baba yake, Moshe Yoelson, alikuwa rabi na kantori. Baba alitangulia Marekani, familia ikamfuata mwaka 1894, wakakaa Washington. Mama akafariki mwaka uliofuata. Baba alitaka sauti za wanawe zikae sinagogini. Asa na kaka yake Hirsch wao walizipeleka barabarani, wakiwaimbia wapita njia kwa sarafu, na baadaye wakazipeleka jukwaani, wakawa Al na Harry.

Aliyeitunga hadithi hiyo alikuwa mtu mwingine. Mwaka 1917 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Illinois, Samson Raphaelson, alikwenda kumtazama Jolson jukwaani. Alichokisikia kilimshtua: alihisi anasikiliza kantori. Maneno yalikuwa ya mchezo wa kuchekesha, lakini namna ya kuvuta sauti, kulia ndani ya noti, kuivunja na kuijenga upya, ilikuwa ya sinagogi. Mwaka 1922 akaandika hadithi fupi, mwaka 1925 ikawa tamthilia jukwaani New York, na mwaka 1927 ikawa sinema, safari hii akiigiza mtu yule yule aliyeianzisha.

Naomba ukae na hilo kidogo. Mtoto anamficha baba wimbo wake. Kumbe wimbo wenyewe kaupata kwa baba.

Katuni haimpi Profesa Owl sababu yoyote ya kuchukia jazi. Ni mkali tu, kama baba wa katuni anavyotakiwa kuwa. Historia inampa sababu. Kati ya mwaka 1881 na 1914 Wayahudi kama milioni 2 wa Ulaya Mashariki waliingia Marekani, wakikimbia umaskini, sheria za kuwabana na mashambulizi dhidi ya mitaa yao. Walifika na mabunda ya nguo na zile sala. Kantori alikuwa amebeba kichwani nyimbo ambazo babu zake waliziimba katika vijiji ambavyo yeye hatavirudia tena. Kisha mwaka 1924 Marekani ikapitisha sheria iliyobana mno uhamiaji kutoka Ulaya Mashariki. Wageni wapya wakawa wa kuhesabika. Sasa fikiria wewe ndiye baba huyo. Mwenye kuipokea kazi yako hatatoka tena ng'ambo. Yuko hapo nyumbani kwako, ana miaka 13, na jirani kaja kukwambia yuko baa anaimba.

Sisemi mkanda ulikuwa halali. Nasema ile hofu ilikuwa na anuani.

Tena tamthilia ya 1925 ilimalizikia upande wa baba: kijana anaacha jukwaa na kuchukua nafasi sinagogini. Sinema haikuweza kuvumilia hivyo. Ndani yake baba yuko kitandani anakufa, na usiku wa sala ni usiku ule ule wa onyesho kubwa la mwana huko Broadway. Mwana anachagua sala, onyesho linaahirishwa, baba anasikia sauti yake kupitia dirishani na kukata roho akiwa ametulia. Hapo ungedhani tumemaliza. Wapi! Tunapelekwa jukwaani, Jack anaimba na mama yuko kiti cha mbele. Kapata sinagogi, kapata na Broadway. Baba wa kweli wa Jolson, kwa taarifa yako, hakufa kwa utaratibu huo wa kupendeza. Aliishi miaka mingi baada ya sinema kutoka.

Lakini kuna kitu katika onyesho hilo la mwisho ambacho siwezi kukiruka. Jolson anaimba akiwa kajipaka masizi uso mzima, midomo kaichora mieupe, anajifanya Mweusi. Ulikuwa mtindo wa biashara ya burudani Marekani kwa karibu miaka 100 kabla yake, na yeye ndiye aliyekuwa nyota wake mkubwa. Kwa hiyo sinema inayoitwa ya mwimbaji wa jazi haina mwimbaji Mweusi hata mmoja mwenye sehemu ya maana. Mtoto anavunja sheria ya baba yake kwa kuimba muziki wa watu ambao hawakualikwa kwenye picha. Wapo wanaosema Jolson aliwapenda wasanii Weusi na kuwasaidia. Sawa. Masizi yanabaki masizi.

Basi tuwaulize wenye muziki: kwao je, baba alikuwa anapiga makofi?

W. C. Handy alizaliwa mwaka 1873 katika nyumba ya magogo mjini Florence, Alabama. Wazazi wake walikuwa watumwa waliopata uhuru baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Babu yake alikuwa mchungaji, baba yake mchungaji, na ni wazi naye alitarajiwa kupanda mimbarini. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1941, Handy anasimulia alivyoona gitaa kwenye dirisha la duka akiwa mtoto, akaanza kuweka senti za vibarua bila kumwambia mtu: kuchuma matunda, kutengeneza sabuni, kazi yoyote. Siku alipoleta gitaa nyumbani, baba alitazama kama vile mtoto kaleta nyoka. Chombo cha shetani hicho. Kirudishe kilikotoka, ubadilishe na kitu cha maana. Handy alikirudisha, akatoka dukani na kamusi kubwa ya Kiingereza.

Kamusi! Kila nikifika hapo nacheka na kusikitika kwa wakati mmoja. Ila ona pia: baba huyo huyo alimlipia masomo ya kinanda cha kanisani. Muziki hakuuchukia. Aliuchukia ulipotoka nje ya kanisa, kwa sababu nje ya kanisa, kwa mchungaji Mweusi wa Alabama baada ya utumwa, kulikuwa na kila kitu ambacho Wazungu walitaka kusema juu ya watu wake: ulevi, uhuni, vichekesho vya kujidhalilisha. Mchungaji alikuwa ametumia maisha yake kujenga heshima, na heshima hiyo ilikuwa na gitaa kama adui. Handy alimwambia mwalimu wake wa shule kwamba anataka kuwa mwanamuziki, mwalimu akamjulisha baba, na baba akamwambia mwanawe kwamba ni afadhali alifuate jeneza lake kuliko kumwona mpiga muziki.

Handy akajifunza kuficha vizuri zaidi. Alipata tarumbeta ya mkono wa pili, akajiunga na bendi ya mjini bila nyumbani kujua. Baadaye aliondoka, akazunguka na kundi la maonyesho, na mwanzoni mwa karne ya 20 akawa miongoni mwa watu wa kwanza kuziandika na kuzichapisha bluzi kwenye karatasi. St. Louis Blues yake ya mwaka 1914 ilizunguka dunia. Na baba? Handy anasema siku moja kundi lao lilipopiga Alabama, baba alikuja kutazama. Mchungaji, kwenye onyesho, baada ya miaka yote hiyo. Akamwambia mwanawe kwamba anajivunia naye, na kwamba amemsamehe kuwa mwanamuziki. Sikiliza hilo neno kusamehe. Hakusema alikosea. Alisema amesamehe.

Rudi sasa kwenye wimbo wa bundi. Haukutungwa kwa ajili ya katuni. Mkataba wa katuni hizo ulitaka kila moja itumie wimbo kutoka sinema za Warner, ilikuwa namna ya kuuza nyimbo. Huu ulitoka The Singing Kid ya mwaka huo huo 1936, akiigiza nani? Al Jolson, sasa nyota aliyeanza kufifia. Lakini katika sinema hiyo Jolson hauimbi peke yake. Anaimba akijibizana na Cab Calloway, mwanamuziki Mweusi aliyekuwa moto wa Harlem wakati huo, kila mmoja kwake juu ya ghorofa, sauti zikivuka mtaa. Ni dakika chache za ajabu. Mzungu hana masizi, Mweusi kavaa vizuri, wanatupiana mistari kama watu sawa.

Katuni ilipouchukua wimbo, ilimchukua Jolson na kumwacha Calloway. Ndiyo, ni katuni ya bundi, najua. Lakini mtu aliyetolewa hapo ndiye aliyekuwa na jibu la swali la Profesa Owl: jazi imetoka wapi?

Wimbo wa kinda haukufa. Mwaka 1997, katika kipindi cha kwanza kabisa cha katuni ya South Park, mtoto anayepigwa na mwale wa viumbe wa angani anauimba na kuucheza bila hiari yake. Na hadithi nayo ilitengenezwa upya kama sinema mwaka 1952 na tena 1980. Nakushauri usisumbuke nazo. Marudio yaliyo bora kuliko yote yalitokea kwenye runinga, na ni katuni tena.

Tarehe 24 Oktoba 1991 The Simpsons ilionyesha kipindi kinachomhusu Krusty, yule mchekeshaji wa watoto mwenye nywele za kijani na sauti iliyokauka kwa sigara. Anaalikwa chakula cha jioni kwa kina Simpson, anaombwa kushukuru kabla ya kula, na sala inamtoka kwa Kiebrania. Machozi yanafuata. Jina lake halisi ni Herschel Krustofsky, na baba yake ni rabi, mwana wa ukoo wa marabi. Mtoto Herschel alikuwa akijifungia bafuni kufanya vichekesho vyake. Alipokua, akawa mchekeshaji kwa siri, uso kaupaka rangi. Siku moja akatumbuiza kwenye mkutano wa marabi, baba yake yumo ukumbini anacheka na wenzake bila kumtambua. Halafu rabi mmoja, kwa utani tu, akampulizia maji ya soda usoni. Rangi ikachuruzika. Baba akamwona mwanawe. Miaka 25 hawajaongea.

Umeona walivyofanya? Katika sinema ya 1927 rangi ya uso ilikuwa ya kumgeuza Myahudi kuwa Mweusi wa bandia. Mwaka 1991 rangi imekuwa ya mchekeshaji, na kazi yake ni moja tu: kumficha mtoto asionwe na baba. Na maji ndiyo yanayosema ukweli.

Bart na Lisa wanaamua kuwapatanisha. Rabi hashawishiki kwa machozi. Anataka hoja. Basi wanakwenda kusoma, wanamletea nukuu za Talmudi, naye anazijibu moja baada ya nyingine, kwa raha kabisa. Mwisho anashindwa na nukuu ya mtu aliyeandika kuhusu mateso na uvumilivu wa Wayahudi, na anapouliza ni mwanachuoni gani, anaambiwa ni Sammy Davis Jr. Mwimbaji, mcheza dansi, mchekeshaji. Mweusi, aliyeingia dini ya Kiyahudi akiwa mtu mzima. Sijui kama waandishi walikusudia, lakini yule mtu aliyekosekana ukumbini mwaka 1927, aliyeachwa nje ya katuni mwaka 1936, hapa ndiye anayeufungua mlango wa baba.

Sauti ya rabi huyo ilikuwa ya Jackie Mason, na ilimpa tuzo ya Emmy mwaka 1992. Mason alizaliwa Yacov Maza mwaka 1928. Baba yake alikuwa rabi. Kaka zake watatu, marabi. Yeye mwenyewe alipewa urabi akiwa na miaka 25. Kiangazi cha mwaka 1955 alikuwa tayari anachekesha wageni kwenye hoteli ya milima ya Catskill, lakini sinagogi hakuliacha moja kwa moja hadi baba yake alipofariki mwaka 1959. Baba alipoondoka, na mwana akaondoka. Miaka 32 baadaye anakaa mbele ya maikrofoni na kuigiza baba anayemkana mwanawe kwa kuwa mchekeshaji. Huhitaji kuwa mwanasaikolojia. Na ukimsikiliza Mason jukwaani, lafudhi, kuuliza swali juu ya swali, kumgeuzia msikilizaji hoja yake mwenyewe, utaona ule ubishani wa Talmudi haukwenda popote. Alibadilisha ukumbi tu.

Mwaka 2014 waandishi wa The Simpsons walimuua rabi Krustofsky. Krusty anamwendea baba kumuuliza swali lililomsumbua maisha yote: wewe, baba, uliwahi kuniona nachekesha? Mzee anaanza kujibu, anatoa mguno mmoja wa mtu asiyeshawishika, na kufa. Basi tena! Krusty anaharibikiwa. Baadaye anagundua kwamba kuna rabi ambaye baba yake alimpenda sana kwa mahubiri yake ya kuchekesha, na akienda kumsikiliza anakuta vichekesho vile vyote ni vyake yeye Krusty. Mzee alikuwa akivicheka miaka yote, sinagogini, bila kujua vya nani.

Unaweza kudhani waandishi wamezidisha chumvi. Mimi nilidhani wamenakili maisha, kwa sababu kuna mtu mmoja sijamtaja mpaka sasa: aliyetunga muziki wa I Love to Singa. Maneno ni ya E. Y. Harburg. Muziki ni wa Harold Arlen, ambaye miaka mitatu baadaye angetunga Over the Rainbow. Alizaliwa Hyman Arluck mjini Buffalo mwaka 1905. Baba yake, Samuel Arluck, alikuwa nani? Kantori.

Kwa hiyo Warner walipomwimbisha mtoto wa kantori wimbo, na kisha wakampa kinda wa bundi, wimbo wenyewe ulikuwa umetungwa na mtoto mwingine wa kantori aliyefanya jambo lile lile. Hyman mdogo aliimba kwaya ya baba sinagogini, na ujana ulipofika akawa anapiga piano kwenye bendi za jazi, akaacha shule. Wazazi walihangaika. Baba akamwomba mtunzi mmoja wa nyimbo aliyeijua biashara hiyo, Jack Yellen, amwite kijana amshauri aachane na mambo hayo. Yellen alimsikiliza akipiga, kisha akamrudishia mzee habari ambayo mzee hakuitaka: huyu atakuwa mwanamuziki, hakuna la kufanya. Miaka ya mwanzo ya 1930 Arlen alikuwa Harlem, anaandika nyimbo kwa ajili ya Cotton Club, klabu ambayo wapigaji wake walikuwa Weusi na wateja wake Wazungu. Cab Calloway alikuwa mmoja wa wapigaji hao.

Arlen alisimulia kwamba siku moja alipeleka nyumbani sahani ya santuri ya Louis Armstrong, akamwekea baba. Mzee Arluck alikuwa maarufu kwa kubuni papo hapo, hakuimba sala ile ile kwa namna moja mara mbili. Akasikiliza. Tarumbeta ya Armstrong ikafika mahali, ikajikunja na kupanda. Kantori akashtuka, akamgeukia mwanawe. Hakuuliza huu ni muziki gani, wala unafanya nini nyumbani kwake. Aliuliza: huyu ameipata wapi?